Nilivyopanga akiba ya maji ya dharura nyumbani

Maji ya bomba yalipoanza kukatika bila taarifa, niliamua kuweka akiba ya kutosha, na nikaanza na hesabu. Nyumbani tuko watano. Kwa kunywa, kupikia kidogo na kupigia mswaki natumia kipimo cha lita 4 kwa mtu kwa siku. Kwa wiki mbili hizo ni lita 280, yaani madumu 14 ya lita 20. Ukiongeza kuoga na kufua, hesabu inapaa: viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada wakati wa maafa, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Ndipo nikagawa mafungu mawili. Madumu ni ya kunywa na kupikia tu, pipa kubwa ni la kazi nyingine zote, na hatuchanganyi kamwe.

Madumu nilichagua ya plastiki ya kuwekea vyakula, yenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kukaza. Lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shamba silitaki hata lioshwe vipi, kwa sababu plastiki hunyonya vitu hivyo na kuvirudisha kwenye maji polepole. Mdomo mwembamba nao si jambo dogo. Maji yaliyofika nyumbani yakiwa safi huchafuka kwa kata na mikono yetu wenyewe: mmoja anachovya kikombe, vidole vinazama, mwingine anafuata. Mdomo wa dumu haupitishi mkono. Linalotumika linakaa juu ya kigoda, lina koki, na kila mtu anajifungulia.

Kabla ya kujaza, naosha dumu kwa sabuni, nalisuuza, kisha natia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Nalitikisa mpaka maji yaguse kila pembe na mpini ulio wazi ndani, maana hapo ndipo utelezi hujificha. Nasubiri angalau nusu dakika, namwaga, naliacha likauke.

Maji yakiwa yametoka bombani na tayari yametiwa dawa, siongezi kitu. Yakitoka kwingine na ni maangavu, natia matone 2 ya klorini ya asilimia 5 hadi 6 kwa kila lita. Kwa dumu zima ni kama mililita 2, nazivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwani kuhesabu matone 40 ni rahisi kupotea. Nasubiri dakika 30. Harufu hafifu ya klorini ikisikika, yako tayari. Lebo ya chupa lazima isomwe: nguvu ya dawa hutofautiana, na yenye manukato haifai kabisa.

Madumu yanakaa gizani, sakafuni, mbali na petroli na dawa za wadudu. Yote yakijaa, maji peke yake yana uzito wa kilo 280, si mzigo wa rafu. Kila moja lina tarehe, la zamani hutangulia kutumika, na hakuna linalopita miezi 6 bila kubadilishwa.

Pipa ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ya mbu na watoto. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanapoyafikia. Kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi. Kila wiki nasugua kuta za ndani kwa brashi ngumu. Kifuniko kinabana pande zote na kina kufuli, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Akiba ikiisha na kilichopo ni maji ya tope, nayaacha yatuame, nayachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha nayachemsha mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima (dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000). Nikikosa moto, natia klorini mara mbili ya kipimo cha kawaida. Yenye harufu ya mafuta au kemikali siyahangaikii, kwani kuchemsha na klorini haviondoi sumu hizo. Hayo ni ya chooni.