Pikipiki mpya ya mkataba: kilomita 1,000 za kwanza msichukue hesabu

Ndugu zangu mnaonunua pikipiki na kuwakabidhi vijana kwa mkataba, nina ombi moja kwenu: kilomita 1,000 za kwanza msichukue hesabu, ile fedha anayokuletea kijana kila siku. Najua wengi mtaguna. Pikipiki imekula zaidi ya milioni mbili na nusu, pengine ni fedha za kikoba, na marejesho yanaanza mwezi huu huu. Lakini nikipita vijiweni hapa Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, naona pikipiki ambazo hazijamaliza hata mwaka zikitoa moshi wa bluu, na sidhani kwamba kosa ni la kiwanda. Injini nyingi kati ya hizo zilichoshwa kwenye wiki yake ya kwanza barabarani, na sisi matajiri, yaani wenye pikipiki, ndio tuliomsukuma kijana aichoshe.

Tuangalie hesabu yenyewe. Kijana anatakiwa alete, tuseme, Sh 10,000 kila jioni. Ili apate yako, ya mafuta na ya kula nyumbani kwake, hana budi kukimbia. Atapakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mara moja, atabeba gunia la mkaa, atapanda mlima wa Kilakala akiwa amevuta mafuta hadi mwisho. Si mkorofi, ana familia. Bodaboda anayefanya kazi kweli anaweza kumaliza kilomita 100 kwa siku, kwa hiyo kilomita 1,000 zinakwisha ndani ya siku kumi hivi. Maana yake tunachogombania hapa ni kama laki moja. Weka laki hiyo upande mmoja, upande wa pili weka kazi ya kufungua injini, kuchonga bloku, kununua pistoni na ringi, kumlipa fundi, na siku zote ambazo pikipiki imelala gereji huku kijana hana cha kuleta.

Kwangu mimi jambo hili limeandikwa kwenye mkataba, na tunasaini wote wawili mbele ya mjumbe. Siku za mwanzo kijana anafanya kazi nyepesi, abiria mmoja mmoja kwa safari fupi, na anachopata ni chake. Yangu inaanza kilomita 1,000 zikitimia. Kijana wa kwanza niliyemsomea kifungu hicho alidhani simwamini. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona unanipa pikipiki halafu unanizuia kufanya kazi?" Nikamwambia sijamzuia. Mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake, kwa hiyo injini tunayoitunza leo ni injini yake.

Nafundisha sayansi shule ya msingi, basi niruhusuni nieleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu mtu akishaelewa haombwi tena.

Fundi wangu aliwahi kunionyesha bloku mpya iliyotoka kwenye boksi lake. Ukiielekeza kwenye mwanga na kuchungulia ndani, ukuta wa silinda hauko laini kama unavyofikiri. Una mistari myembamba iliyokatizana kama ukili wa mkeka, na ukipitisha ukucha unaihisi kidogo. Mistari hiyo imewekwa makusudi, kazi yake ni kushika oili. Ringi za pistoni nazo ni mpya, kingo zake bado hazijakaa sawasawa na ule ukuta. Saa za mwanzo za kuendesha ringi na ukuta husuguana mpaka vikazoeana. Vikikaa vizuri, moto wa petroli unabaki juu ya pistoni na kuisukuma, na oili inabaki chini inakotakiwa. Vikikaa vibaya, gesi ya moto inapenya kushuka na oili inapanda kuungua. Huo ndio moshi wa bluu. Injini ikipata joto kali kabla ringi hazijakaa, oili inaungulia ukutani na kuacha utando unaong'aa, mistari inazibika, na ringi zinakuwa zinateleza bila kuziba. Hapo hata ukinunua oili ya bei gani, hairudi.

Ndiyo maana kulainisha injini, yaani kuizoesha kazi ikiwa mpya, ni zaidi ya kwenda polepole. Kuna watu wanaibembeleza pikipiki mno, wanatembea na gia ya juu kwa mwendo wa baiskeli, injini inagugumia. Hilo nalo ni baya, kwa sababu ringi zinahitaji kusukumwa kwa kiasi ndipo zikae. Na kuna wanaoiwasha asubuhi wakaiacha inanguruma robo saa uani wakidhani wanaipasha moto. Injini zetu hizi za cc 125 na 150 hupozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya bloku. Pikipiki ikiwa imesimama hakuna upepo. Iwashe, ipe muda mfupi oili ipande, kisha uondoke taratibu.

Soma kitabu kilichokuja nayo. Kwa pikipiki za kazi za ukubwa huu utakuta mwendo umepangwa kwa gia. Kwenye gia ya juu kwa kawaida ni kama kilomita 40 hadi 45 kwa saa mpaka ufikishe kilomita 1,000, halafu kama 55 mpaka 2,000. Ndani ya mipaka hiyo badilisha badilisha mwendo. Vuta kidogo, achia, shusha gia mapema mlimani kabla injini haijaanza kulalamika. Barabara ya Msamvu kwenda Mzumbe inafaa sana kwa kazi hii, ina tambarare na vimlima vya wastani. Barabara ya Dodoma hadi Dakawa siipendi kwa pikipiki mpya. Imenyooka, na mabasi yanakusukuma ukimbie mwendo mmoja muda wote. Ukilazimika kwenda mbali, simama njiani ipoe.

Nirudi nyuma kidogo, dukani, maana wengine wanaharibikiwa hata kabla ya kuwasha. Pikipiki hizi hufika zikiwa kwenye makasha na fundi wa duka ndiye anayezifunga. Akiwa na foleni ya wateja, anafunga kwa haraka. Duka moja lilinikabidhi pikipiki ambayo nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa imekazwa kwa mkono tu, na mwuzaji akaniambia niondoke nayo, iko tayari. Tangu hapo siondoki dukani bila fundi wangu kuwepo na spana zake. Anapita ekseli zote mbili, bolti za usukani, za injini, za slensa na za stendi. Anatazama uwazi wa cheni, ambao kwa kawaida ni milimita 20 hadi 30 ukiipandisha na kuishusha kwa kidole katikati. Tena cheni mpya hulegea haraka siku za mwanzo, kwa hiyo mwambie kijana aitazame mara kwa mara.

Betri pia. Ile ya kumwagia maji ya asidi inatakiwa ichajiwe ipasavyo kabla ya kufungwa mara ya kwanza. Wakiimwagia na kuifunga hapo hapo, itawasha siku ile na utafurahi, lakini maisha yake yameshafupishwa. Uliza, na kama hawakuichaji, subiri. Kunywa chai.

Linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zilizoandikwa kwenye karatasi, moja moja, kwa kidole. Dai risiti ya EFD. Usajili unataka TIN, kwa hiyo uwe nayo kabla ya kwenda kununua. Bima na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zikamilike kabla kijana hajabeba abiria wa kwanza, na yeye mwenyewe awe na leseni ya udereva ya pikipiki. Hapo sina mjadala.

Mafuta waliyoweka dukani yanatosha kufika sheli tu, nenda moja kwa moja. Siku za kwanza utasikia harufu ya kuungua na pengine kuona moshi mwepesi kwenye slensa na bomba. Mara nyingi ni rangi na mafuta ya kiwandani yanaungua kwa nje, na yataisha. Gia zitakuwa nzito kuingia, hasa kutafuta nyutro ukiwa umesimama. Hilo nalo hulainika. Matairi mapya yanateleza, na vumbi la Kihonda likipata manyunyu ya kwanza ni hatari, kwa hiyo kilomita 100 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona. Breki nazo hazishiki sawasawa mpaka viatu vyake vizoeane na dramu, acha nafasi kubwa mbele yako.

Oili ya kwanza wengi wanaichelewesha kwa sababu wanaiona bado ni mpya. Itoe kilomita 500 zikifika, au kama kitabu chako kinavyosema, na usikose sevisi ya bure, maana ukiikosa dhamana inaweza kwenda nayo. Mimi humwomba fundi akinge kwenye beseni jeupe, injini ikiwa ya moto ili itoke yote. Chovya vidole viwili, visugue juani. Utaona vimeremeta vidogo sana vya chuma kwenye oili iliyokwisha kuwa nyeusi. Ndivyo inavyotakiwa: hayo ndiyo mabaki ya kule kusuguana. Ukikuta vipande unavyoweza kuviokota kwa ukucha, simamisha kazi na urudi dukani siku hiyo hiyo. Chujio lisafishwe. Bolti ya kumwagia oili isikazwe kwa hasira, kwani nyuzi zake zimo kwenye aluminiamu na zikikatika utalia.

Oili unayorudishia iwe ya pikipiki, mara nyingi ya uzito wa 20W-50, na kwenye chupa itafute alama ya JASO MA, inayoonyesha kwamba oili hiyo inafaa klachi ya pikipiki. Usikubali oili ya gari hata ukipewa bure. Kwenye gari klachi kwa kawaida ni kavu na iko peke yake. Kwenye pikipiki zetu klachi na gia zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za kisasa za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze. Kijana atakwambia pikipiki haina nguvu mlimani, mtabadilisha klachi bure.

Kilomita 1,000 zikifika, toa oili tena, halafu mwendo upande hatua kwa hatua, si siku moja. Na tapeti zipimwe, yaani ule uwazi mdogo wa vali. Vali zikishazoea viti vyake, uwazi unabadilika. Ukiwa mdogo mno vali haifungi vizuri na inaungua, ukiwa mkubwa utasikia kelele ya kugonga. Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, maana chuma chenye moto kimetanuka na kipimo kitadanganya. Mwambie kijana alaze pikipiki gereji usiku ule, ipimwe alfajiri. Ukiifikisha saa nane mchana imetoka barabarani na fundi akakubali kuipima hapo hapo, ichukue pikipiki yako utafute fundi mwingine.