Homa ya jioni: jinsi nilivyoacha kutibiwa malaria nisiyokuwa nayo

Ndani ya miezi mitano nilitibiwa taifodi mara tatu na malaria mara mbili, ingawa kipimo cha malaria kilitoka hasi. Jioni mwili unachemka, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi naamka naenda kazini. Kiuno kiliuma mpaka kuvaa soksi lazima niegemee ukuta. Mama mkwe akasema nimerogwa. Zahanati ikasema ni mawazo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikanunua daftari la shule na kipimajoto. Kila siku niliandika saa ya homa, nyuzijoto, kinachouma, nilichokula na dawa niliyomeza. Baada ya wiki tatu mwendo ukaonekana: homa inapanda jioni hadi 38.5, inatulia siku kadhaa, inarudi.

Daktari mwingine akasoma kurasa mbili tu, akauliza, "Maziwa unapata wapi?" Kwa shemeji, nikamwambia, tunakunywa mabichi. "Ng'ombe wake wametupa mimba karibuni?" Wawili. Akaagiza kipimo cha damu cha brusela, ugonjwa wa bakteria unaofanya ng'ombe watupe mimba na kumfikia mtu kwa maziwa mabichi. Kikatoka chanya.

Nilimeza antibayotiki mbili, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Wiki ya pili nikajiona mzima, nikatamani kuacha. Akanionya kwamba ukikatiza dozi ugonjwa hurudi. Nikamaliza, na soksi sasa navaa nimesimama.

Maziwa tunachemsha mpaka yafure. Shemeji alinuna, eti tunamdharau, hadi alipopimwa na yeye.