Sijida za Maalim

Mwaka 2008 nilikuwa fundi wa picha katika studio moja ndogo ya Ngamiani, Tanga, na kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa ile tuliyoiita kusafisha. Mteja akishapigwa picha, mimi ndiye niliyekaa mbele ya kompyuta kumwondolea chunusi, makovu, mikunjo ya chini ya macho na jasho linalong'aa puani. Jina lenyewe la kazi, nikilifikiria leo, lilikuwa limekwisha kuamua mambo kabla sijagusa kipanya, kwa kuwa anayeambiwa asafishe hutafuta uchafu, na asipouona huuzua.

Tulitumia Photoshop 7, programu ya kurekebisha picha, toleo lililotoka mwaka 2002 likiwa na brashi ya kuponya, ambayo machoni pangu ilikuwa uganga mtupu. Muhuri wa kunakili, uliokuwapo tangu zamani, ulibandika kipande cha ngozi vilevile kilivyo, na usipokuwa mwangalifu kilionekana kama kiraka cha shati. Brashi hii ilichukua umbile la ngozi mahali ulipoichagulia, kisha ikaoanisha rangi na mwanga na pale ulipoipaka. Unashikilia kitufe cha Alt, unabofya shavu lisilo na doa, unapita juu ya chunusi, na chunusi haipo. Siku za kazi nyingi nilikuwa na njia ya mkato: niliweka nakala ya picha juu ya picha yenyewe, nikaitia ukungu, kisha nikaufuta ukungu huo kwenye macho, midomo na nywele. Nyuso zilitoka laini kama sahani. Mabibi harusi walizipenda, na bosi alipenda walichopenda mabibi harusi.

Jioni moja, baada ya Alasiri, aliingia mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaa wa pili, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Alitaka picha moja kubwa ya kumpelekea binti yake aliyeolewa Maskati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa wima kama anayesubiri kusomewa hukumu, na nilipomwomba aisogeze kofia nyuma kidogo ili kivuli kisimwangukie usoni, aliisogeza bila kusema neno.

Usiku nikaifungua picha yake. Katikati ya paji la uso palikuwa na doa jeusi, la ukubwa wa sarafu, lenye ngozi ngumu iliyojikata vistari vyembamba kama tope lililokauka. Nikaliponya. Nilianza kingoni nikaingia katikati, nikichukua ngozi ya juu ya nyusi, na nakumbuka nilisogea nyuma kwenye kiti nikaitazama kazi yangu kwa kuridhika. Nami ni mtoto wa Kiislamu, niliyelelewa na babu mwenye alama kama ile ile, ya paji kugusa chini katika kusujudu, kwa hiyo sina hata ugeni wa kuusingizia.

Maalim alirudi baada ya siku mbili. Aliichukua picha akaenda nayo mlangoni penye mwanga wa jua.

"Huyu nani?"

"Ndiye wewe, Maalim. Nimekusafisha kidogo tu."

Akajigusa paji la uso kwa vidole viwili. "Na sijida zangu umezipeleka wapi, mwanangu?"

Mama aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti alicheka, lakini Maalim hakucheka. Nikamwomba anipe saa moja, nikijua moyoni kwamba picha ya awali sinayo: nilikuwa nimeihifadhi kazi yangu juu ya faili lile lile la JPEG, ambalo haliweki matabaka, yaani haliachi picha ya awali chini ya marekebisho, na kadi ya kamera nilikuwa nimekwisha kuifuta. Orodha ya hatua za nyuma katika programu ilikumbuka hatua 20 tu, tena ukifunga faili husahau zote. Nikajaribu kulichora doa kwa brashi ya kawaida. Likatoka masizi. Nikalipunguza weusi, likatoka mfano wa mtu aliyegonga kichwa mlangoni, kwa sababu alama ya kweli haikuwa rangi peke yake. Ilikuwa na vistari vyake, na ukingo wake wa juu ulishika mwanga kidogo.

Nilikwenda kumwambia ukweli. Bosi alikata bei ya karatasi kwenye mshahara wangu, na Maalim akakubali kukaa tena siku ya tatu. Kabla sijapiga aliniita karibu. "Njoo uitazame vizuri, usije ukaifua tena." Nikainama, nikaitazama.

Safari hii niliogopa kugusa chochote. Nilipunguza mng'ao wa puani, nikatoa uzi uliokuwa umenasa begani mwa kanzu, nikachapa. Maalim akaipeleka tena mlangoni, akaitazama kwa muda, kisha akaweka ukucha chini ya kidevu, mahali alipokuwa amejikata kwa wembe asubuhi ile.

"Na hiki umekiacha cha nini? Kufikia Ijumaa kitakuwa kimepona."

Nikafungua nakala, nikaipa jina jipya, na yeye akavuta kiti akakaa nyuma yangu, asibanduke mpaka nilipomaliza.