Tasnifu ya viazi: jedwali kwanza, shamba baadaye

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu faida ya wakulima wa viazi mviringo huko Umalila, Mbeya Vijijini. Kilichoibeba hadi mwisho ni karatasi moja niliyoichora kabla sijagusa hojaji. Ilikuwa na safu tano: lengo mahsusi, taarifa inayohitajika, namba za maswali, njia ya uchambuzi, na jedwali tupu litakalokaa sura ya nne (ya matokeo), lenye vichwa vyote ila halina tarakimu.

Safu ya tano ndiyo yenye kazi. Lengo langu la kwanza lilisomeka "kutathmini mchango wa viazi katika maisha ya wakulima". Nikajaribu kulichorea jedwali tupu, likakataa: mchango upi, unapimwa kwa nini, unalinganishwa na nini? Nikaliandika upya: "kulinganisha faida kwa ekari kati ya wakulima wanaouza shambani na wanaopeleka sokoni wenyewe". Jedwali likachoreka papo hapo: safu za gharama, mavuno, bei na faida, na mistari miwili ya makundi. Lengo lisilochoreka jedwali au mada ya usaili halijaiva, hata kama msimamizi amelipitisha. Na swali la hojaji ambalo halina lengo linalolidai, lifute. Mkulima anachoka baada ya dakika 40, na majibu ya mwisho huwa ya kukuridhisha tu.

Kwa sampuli nilitumia fomula ya Yamane ya mwaka 1967: n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya wakulima wote, na e ni kiwango cha kosa unachokubali. Orodha za vijiji zilikuwa na wakulima 1,840. Ukiweka e ya 0.05 unapata watu 329, ukiweka 0.1 unapata 95. Nilichukua 0.1, nikaeleza sababu ya muda na fedha, nikaongeza asilimia 10 kwa ajili ya watakaokosekana, wakawa 105. Angalizo: fomula hii haijui kwamba unalinganisha makundi mawili. Ukichota majina ovyo unaweza kurudi na wauza-shambani 90 na wapeleka-sokoni 15, na ulinganisho ukakosa nguvu. Tenganisha orodha kwanza, kisha chota kwa nasibu ndani ya kila kundi.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu tasnifu nyingi za kilimo huku kwetu. "Ulivuna magunia mangapi?" ni swali bovu. Gunia la kawaida na lumbesa yote huitwa gunia, ilhali lumbesa ina kilemba cha viazi kilichoshonewa juu ya mdomo. Nilibeba mzani, nikapima magunia kadhaa ya kila aina katika kila kijiji, nikauliza aina ya gunia kabla ya idadi, kisha nikageuza yote kuwa kilo. Ekari nayo wakulima huipima kwa hatua 70 kwa 70 za miguu. Hatua zikiwa za mita moja, hizo ni mita za mraba 4,900, wakati ekari halisi ni kama 4,047. Tofauti ya asilimia 21 inatosha kugeuza faida kuwa hasara kwenye karatasi. Zunguka mipaka ya mashamba machache ukiwa na simu yenye GPS, upate kiwango cha kusahihishia. Ukifanya utafiti Iringa au Njombe, uliza pia kuhusu vinyungu, yaani bustani za mabondeni, maana aliyelima bondeni kiangazi ana mavuno ya pili ambayo hatayataja usipomuuliza.

Ratiba ilifuata mvua. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Katikati ya msimu barabara za mlimani zinateleza na watu wako shambani. Nilikwenda mara baada ya mavuno, bei na gharama zikiwa bado kichwani mwao. Barua nilianza kuzifuatilia miezi miwili kabla: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ngazi inabaki na nakala, kwa hiyo toa kopi za kutosha. Hojaji iliandikwa Kiswahili, ikajaribiwa kwa watu 10 wa kijiji kisichokuwa kwenye sampuli, ikaingizwa KoboToolbox kwenye simu. Programu hiyo hukusanya hata pasipo mtandao. Jioni nilituma na kukagua kila rekodi, kwa sababu kosa la jana linarekebishika na la mwezi uliopita halirekebishiki.

Kuandika sikuanzia sura ya kwanza. Nilijaza majedwali tupu ya sura ya nne, nikaandika aya chini ya kila moja: tarakimu inasema nini, inakubaliana na tafiti zipi, kwa nini. Halafu sura ya tatu (ya mbinu), nikibadilisha kila "nitakusanya" ya pendekezo la utafiti kuwa "nilikusanya", na kueleza kilichobadilika uwandani. Ya pili na ya kwanza zikafuata, kisha ya tano (ya hitimisho na mapendekezo), ikisiri mwisho kabisa. Kila pendekezo la sura ya tano niliandikia pembeni namba ya jedwali linalolibeba. Lililokosa namba niliondoa, hata lile la kuiomba serikali ijenge barabara.

Maoni ya msimamizi niliyaweka kwenye jedwali lake: maoni, nilichofanya, ukurasa. Pale nisipokubaliana naye niliandika sababu na ushahidi, badala ya kunyamaza. Baada ya utetezi watahini walidai masahihisho kwa mpangilio huohuo, nami nikaongeza mistari ya maoni yao chini ya ya msimamizi.