Siku moja mikokoni Gazi, siku ya bamvua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu haijalia na mimi nimeshaamka, maana ratiba ya kazi hii ya kupanda mikoko hapa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, huipanga mwezi. Leo mwezi ni kumi na sita, bamvua: maji yatakupwa sana kama saa tano hivi, na hapo ndipo tutaweza kufika mwisho wa msitu, kwenye tambarare ya mchanga na matope unakoota mlilana, aina mojawapo ya mikoko. Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, hatufiki huko, tunabaki kitaluni kujaza vifuko udongo. Chai ya rangi, muhogo wa jana, natoka.

Saa moja kasoro. Kitalu chetu kiko ukingoni pwani, mahali maji ya bahari yanapofika, ili miche izoee chumvi tangu utotoni. Kuna kazi moja hapa wenzangu huniachia mimi kwa sababu inanuka: mbegu za mlilana. Tunda lake ni la mviringo, la kijani, limekalia kikombe chenye ncha kama nyota. Unaliloweka kwenye ndoo siku kadhaa mpaka lioze, kisha unalipondaponda kwa mikono. Zinazobaki kiganjani ni mbegu ndogo zilizopinda kama kucha zilizokatwa. Harufu yake haitoki kwa sabuni ya kipande, nimejaribu na ndimu pia.

Mkoko wenyewe, ile aina tunayoiita mkoko tu, hauna taabu hiyo. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia ndefu kama mkono mpaka kiwiko. Ukiona ukosi wa manjano pale inapoungana na tunda, imeiva. Unaichomeka matopeni, basi. Na urahisi huu ndio uliotuponza, nitaeleza.

Saa tatu tunaanza kushuka, watu watano na matenga ya miche. Ukitoka nchi kavu unakutana kwanza na mchu, na sijawahi kupita bila kulamba jani lake. Geuza jani uone: chini ni jeupe jeupe, na mti wenyewe unatoa chumvi nje kupitia majani. Mbuzi wanaupenda kwa hilo. Kisha mkandaa, mwembamba, umesongamana. Gome lake lilikuwa likitumika kutia rangi nyuzi na ngozi. Halafu mkoko, na hapo mwendo unakuwa wa kaa, maana unapanda mizizi ile inayosimama kama miguu ya buibui na ukiteleza ni goti.

Marehemu babu alikata miti hii kwa ajili ya majahazi ya Uarabuni. Alitufundisha kuhesabu kwa unene kabla hatujajua kusoma: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndizo zilizoezekea nyumba za mawe za Lamu na Unguja, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuziuza nje ya nchi. Siku hizi hapa Gazi msitu unaingiza pesa ukiwa umesimama: tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa kutoka hekta 117, yaani watu hulipa ili miti ibaki imesimama na kuihifadhi hewa hiyo, na sehemu ya fedha imetuletea maji ya bomba na vitabu vya shule. Babu angecheka sana kusikia tunauza hewa.

Saa tano. Maji yamekupwa, tuko mwisho. Mbele yetu kuna safu za vijiti vikavu, na hivyo ni vyangu. Mwaka jana kampuni moja ilileta wafanyakazi wake kwa mabasi, fulana mpya, wapiga picha. Walitaka mkoko, kwa sababu unashikika mkononi na unapendeza pichani. Mahali palipokuwa wazi ni hapa tu, na hapa ni kwa mlilana, mti unaovumilia mawimbi na maji kuufunika kila siku. Nilijua. Bado nikawaonyesha pa kuchomeka, kwa sababu posho ilikuwa nzuri. Kwenye miche mia nne imebaki miwili, na mmoja umeinama.

Leo tumepanda miche sitini ya mlilana, kila mmoja na udongo wake, nyuma ya ile mikubwa inayopunguza nguvu ya wimbi. Hata hiyo mikubwa inaumwa. Mdudu anatoboa tawi kuanzia ndani, majani yanakauka upande mmoja. Nimeng'oa gome kwa kisu nikaona tundu la kuingiza kalamu, unga wa mbao umejaa. Fundi wa mashua akiona tawi kama lile anasikitika, maana mlilana ndio uliotoa mataruma mazuri, mbavu za mashua, yaliyokwisha kupindwa na Mungu.

Saa saba maji yanarudi, tena kwa haraka. "Watoto wa wenyewe, tokeni huko!" anapiga kelele shangazi kutoka upande wa daraja la mbao la kina mama. Tunatoka, matope mpaka kiunoni.

Saa tisa, wali na samaki wa kupaka, usingizi kidogo. Saa kumi bahari imejaa pomoni, pale tulipopanda huoni ila maji. Simu inaita: kampuni nyingine, wanataka kupanda mikoko elfu moja Jumamosi. Nikawaambia Jumamosi ni maji mafu, hapafikiki, na hata pangefikika, mkoko si wa pale. Wakauliza kama kuna mahali pakavu karibu na barabara, kwa picha tu.

Nimewaandikia: kuna vifuko mia tatu vya kujaza udongo, karibuni sana, vaeni nguo za kazi. Ujumbe wameusoma tangu saa kumi na moja.