Vidonge vya Jioni

Mama alikwishachoka kunibembeleza. Malaria ilikuwa imenilaza, na kila nikiwekewa klorokwini mdomoni, naitema. Ndipo babu alipoingia, akavichukua vile vidonge na kikombe cha maji. "Simama, mjukuu wangu." Nikasimama huku natetemeka. Akanipa kimoja, akangoja nimeze, kisha akaamuru, "Fungua kinywa. Inua ulimi." Alichungulia kulia na kushoto kabla ya kutoa cha pili.

"Hivi ndivyo tulivyofanyiwa Burma," akasema.

Nilijua aliwahi kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ila vita yenyewe hakuwa akiisimulia. Jioni ile aliketi kitandani pangu akasimulia. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani, katikati ya majira ya mvua. Jua likianza kuzama, mikono ya shati inateremshwa, joto liwe kali namna gani. Halafu wanapanga mstari kumeza mepakrini, dawa ya malaria iliyotumiwa badala ya kwinini, maana Wajapani walikuwa wameiteka Java, kulikotoka sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Dawa hiyo iliwageuza viganja vikawa vya manjano. Wengine walinong'onezana kuwa inamaliza nguvu za kiume, wakaenda kuitema vichakani.

Rafiki yake mmoja aliitema. Akaanza kutetemeka usiku. Kulipokucha hamtambui mtu, hata babu. Jioni yake wakamzika. Hakuwa amemwona Mjapani hata mmoja.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 1943, katika jeshi la Waingereza huko Burma, ambalo Jenerali William Slim alikuja kuliongoza, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, na malaria ilikuwa mstari wa mbele. Slim akaanza kuvipima vikosi kwa kushtukiza: wenye dawa mwilini wakiwa chini ya asilimia 95, kamanda anafukuzwa. Aliwafukuza watatu, wengine wakaelewa. Kwangu mimi, ukali ule uliokoa watu wengi kuliko mizinga, na babu yangu ni mmoja wao.

Lakini jioni ile yeye hakuwa akimfikiria jenerali. Nilimuuliza jina la rafiki yake. Akanitajia, akanitajia na kijiji chake, kisha akaniambia kuwa mama yake aliletewa habari kwamba mwanawe amekufa vitani. Hapo sauti ikampanda.

"Vitani! Aliuawa na mbu, na mama yake alistahili kuambiwa."