Jioni ya Vikaratasi vya Muda

Mbio ya mwisho ya mashindano ya kuogelea ya watoto ikishamalizika, kazi ya meza ya matokeo huwa ndiyo kwanza imefika nusu. Wazazi hukunja viti, makocha hukusanya taulo na miwani iliyosahauliwa kandokando ya bwawa, na watoto huanza kudai chipsi. Lakini mezani huwa bado kuna mamia ya vikaratasi vya muda ambavyo ni lazima vipatane na orodha ya waogeleaji, na fomu za waamuzi, na kompyuta, kabla ya kitu chochote kuitwa matokeo. Ninayoyakumbuka hapa yalitokea Jumamosi moja ya Septemba 2018, jijini Dar es Salaam, katika bwawa la shule lenye urefu wa mita 25 na njia sita, nilipokuwa msaidizi wa karani mkuu wa mashindano ya vijana.

Karani mkuu huyo alikuwa mama wa makamo, mhasibu kwa kazi yake ya kila siku, ambaye watoto wake walikwisha kukua na kuacha kuogelea, ila yeye hakuiacha meza. Sote tulimwita Bi Karani, na hata makocha waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu niliyekuwa nimejitolea, na nadhani alinichagua kwa kuwa sikuchoka kuulizwa jambo moja mara mbili.

Hatukuwa na vibao vya umeme ambavyo muogeleaji akivigusa saa husimama yenyewe. Kila njia ilikuwa na watunza muda watatu, wengi wao wazazi waliofundishwa asubuhi ile ile, kila mmoja akiwa na saa yake ya kupimia mkononi. Bi Karani aliwafundisha mwenyewe, na nilipenda jinsi alivyofundisha. Kwa mbio za mita 25 za watoto wadogo, ambao huanzia upande wa mbali na kumalizia walipo watunza muda, aliwaambia waanzishe saa kwa kuitazama taa ya mwanzishaji, wasisubiri mlio wa honi. Sauti huchukua takriban sehemu 7 za mia za sekunde kuvuka mita 25, na huo ni muda wa kutosha kuwapa watoto wawili nafasi wasizostahili. Aliwagawia penseli na kuwakataza kalamu za wino. Aliwataka pia wamuulize kila mtoto jina lake kabla hajapanda kwenye jukwaa la kuanzia, na jina hilo waliandike kwenye kikaratasi hata kama ratiba tayari inalo.

Kanuni ya kuchagua muda ilikuwa ile inayojulikana duniani kote. Saa mbili kati ya tatu zikikubaliana hadi sehemu ya mia ya sekunde, muda huo ndio rasmi. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa ule wa katikati. Saa moja ikishindwa kufanya kazi, unatafutwa wastani wa zile mbili zilizobaki. Hakuna mahali ambapo kanuni inamruhusu mtu kuchagua muda anaoupenda.

Tulianza na majina na tarehe za kuzaliwa, kwa sababu huko ndiko makosa hujificha bila kelele. Mtoto mmoja alikuwa ameandikishwa asubuhi kwa jina la Zainab na mchana kwa jina la Zaynab, na programu ikamfanya watoto wawili, kila mmoja na nusu ya pointi zake. Tarehe zilikuwa tatizo kubwa zaidi. Klabu moja ilituma orodha yake ikiwa imetanguliza siku kama tunavyoandika sisi, wakati kompyuta ilikuwa imepangwa kutanguliza mwezi kama wafanyavyo Wamarekani. Tarehe yenye siku ya 13 na kuendelea ilikataliwa na kompyuta yenyewe, kwa hiyo hizo zilikuwa zimesahihishwa mapema. Lakini mvulana aliyezaliwa tarehe 3 Novemba aliingizwa kimyakimya kuwa wa tarehe 11 Machi, na kwa mashindano ya Septemba hilo lilimwongezea mwaka mzima na kumtupa kwenye kundi la wenye miaka 11 na 12, ambako alishika nafasi ya tano kwa muda ambao katika kundi lake halisi ulikuwa wa medali. Tulimrudisha mahali pake, na Bi Karani akaandika kwenye daftari kwamba medali ya fedha ipelekwe klabuni kwake na ile iliyotolewa irudishwe kwa maneno ya upole, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuivaa hakuwa na kosa lolote.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo alikuja kocha mmoja, mtu mzima na mpole wa maneno, akavuta kiti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamgeukia Bi Karani. Alitaka kuona kikaratasi cha mvulana wake wa mita 100 mtindo huru. Saa tatu zilikuwa zimeandika dakika 1 na sekunde 2.27, 2.41 na 2.58. Kiwango alichokuwa akikitafuta, ambacho kingemwingiza kijana kwenye kundi la kufikiriwa kwa safari ya mashindano ya kanda, kilikuwa dakika 1 na sekunde 2.30.

"Bi Karani," akasema, "saa mojawapo imempa. Huyu wa 2.58 ni mzazi, alichelewa kubonyeza, kila mtu alimwona. Mtoto amehangaika mwaka mzima."

Sidhani kwamba alikuwa mtu mbaya. Alimpenda kijana wake, na nilikuwa nimemwona akimkimbilia na taulo alipotoka majini. Bi Karani hakumkaripia. Alimwonyesha kwamba hata yule wa 2.58 angeondolewa, kanuni ingetaka wastani wa 2.27 na 2.41, ambao ni 2.34, na bado kijana angebaki nje. Ili aingie, ilibidi saa mbili zifutwe na ibaki moja. Kisha akamsimulia habari ya Roma.

Katika fainali ya mita 100 mtindo huru ya Olimpiki ya mwaka 1960, Mmarekani Lance Larson na Mwaustralia John Devitt waligusa ukuta karibu kwa pamoja. Watunza muda watatu wa Larson walipata sekunde 55.0, 55.1 na 55.1. Wale wa Devitt wote watatu walipata 55.2. Waamuzi wa kumalizia walikuwa wamegawanyika, na jaji mkuu, Hans Runströmer, akampa Devitt ushindi. Halafu, ili karatasi isipingane na uamuzi, muda wa Larson ukaandikwa 55.2. Malalamiko ya Wamarekani yalikataliwa na medali ya dhahabu ikabaki ilipo. Fedheha ile ni miongoni mwa mambo yaliyosukuma mchezo huu kuelekea vibao vya kugusa, vilivyotumika katika Michezo ya Mataifa ya Amerika kule Winnipeg mwaka 1967 na katika Olimpiki ya Mexico mwaka uliofuata.

"Mimi simlaumu sana jaji kwa jicho lake," Bi Karani alimwambia kocha. "Jicho la mtu hukosea. Ninachokiogopa ni ule mkono uliochukua kalamu ukaandika 55.2 ilhali saa zimesema 55.1. Huo mkono ulikuwa wa karani kama mimi."

Kocha alikaa kidogo, akapiga picha kikaratasi kwa simu yake, akaaga kwa heshima. Hakufurahi, na sikumtarajia afurahi. Niliandika 1:02.41 na kuendelea na fomu iliyofuata.

Fomu hiyo ndiyo iliyotuweka hadi usiku. Ilikuwa ya mita 50 mtindo wa kifua, wasichana wa miaka 11 na 12. Katika hiti ya kwanza, yaani kundi la kwanza la kuingia majini katika mbio hiyo, walikuwa wameandikwa wasichana watano, watatu hawakufika, na mwalimu aliyekuwa akiwapanga watoto kabla ya mbio aliwahamisha wawili waliobaki kwenye njia tupu za hiti ya pili, njia ya 1 na njia ya 6, ili wasiogelee wapweke. Ni uamuzi mzuri ambao ningeufanya mimi mwenyewe. Tatizo ni kwamba mabadiliko hayo yaliandikwa kwenye nakala ya mpangaji pekee, na nakala hiyo haikufika mezani. Kwenye kompyuta wasichana wote wawili walihesabiwa kuwa hawakushiriki, huku mikononi mwetu tukiwa na vikaratasi viwili vya njia ambazo ratiba ilisema ni tupu.

Kikaratasi cha njia ya 1 kilikuwa na muda wa sekunde 44.18, bila jina. Cha njia ya 6 kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya wino. Maji yalikuwa yameliyeyusha jina lote, likabaki doa la bluu lenye mkia wa herufi ambayo ingeweza kuwa herufi yoyote. Zaidi ya hapo kulikuwa na fomu ya mwamuzi wa kugeuka, iliyoandikwa vizuri kabisa: njia ya 6, kugusa kwa mkono mmoja kwenye mgeuko, matokeo yafutwe. Katika mtindo wa kifua mikono yote miwili hugusa ukuta kwa pamoja, kwenye mgeuko na kwenye kumaliza, na mwamuzi aliyeliona hilo alikuwa amefanya kazi yake. Kwa hiyo msichana mmoja alikuwa na 44.18, muda mzuri sana kwa umri wake, na mwingine hakuwa na chochote, nasi hatukujua yupi ni yupi.

Mmoja wao alitoka klabu ya hapa hapa Dar es Salaam. Mwingine alitoka Unguja, na timu yake ilikuwa imeondoka mapema kuwahi boti ya jioni. Meneja wa ile klabu ya Dar es Salaam alipopigiwa simu alijibu mara moja kwamba wa kwao ndiye wa 44.18, kisha nilipomuuliza aliogelea njia ya ngapi, akasema hakumbuki. Mpangaji hakupatikana kwa simu. Mama aliyetunza muda njia ya 6 alikumbuka kofia nyeusi, na klabu zote mbili zilivaa kofia nyeusi.

Nilipendekeza tuandike kama meneja alivyosema. Muda ule ulilingana na rekodi za awali za msichana wa Dar es Salaam, na usiku ulikuwa umekwisha ingia. Bi Karani alisema kulingana si ushahidi, na kwamba mtoto wa Unguja amevuka bahari kuja kuogelea, basi asihukumiwe bila mtu wake kuulizwa. Tukampigia kocha wake. Simu iliita muda mrefu. Alipoipokea tulisikia upepo na injini ya boti, na ilibidi Bi Karani arudie swali lake kwa sauti ya juu. Hakumwambia lolote juu ya kufutwa kwa matokeo wala juu ya 44.18. Alimuuliza tu njia.

"Wangu mimi alikuwa njia ya 6," yule kocha akasema. "Na kwenye mgeuko amegusa mkono mmoja, mimi nimemuona kwa macho yangu. Nishamwambia mwenyewe, analia hapa lakini kafahamu. Mwandikeni amefutwa, dada yangu."

Bi Karani alimshukuru, akamwombea safari njema, akauliza jina kamili la mtoto ili aliandike sawasawa. Kwa muda hatukusemezana. Mtu huyu angeweza kusema njia ya 1, na sisi hatukuwa na karatasi hata moja ya kumpinga. Nimefanya kazi na waamuzi wengi tangu wakati huo, na sijaacha kumheshimu kocha huyo, ambaye sura yake siikumbuki vizuri.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulichapa matokeo ya kila mbio, Bi Karani akasoma kwa sauti kutoka kwenye kikaratasi nami nikafuatisha kwa kidole kwenye karatasi iliyochapwa, mbio hadi mbio, mpaka mwisho. Betri ya kompyuta ilikuwa inakaribia kwisha tulipotoa faili la matokeo na kulituma kwa makocha wote kwa intaneti ya simu yangu, tukiwapa hadi Jumatatu jioni kukagua. Yalirudi masahihisho ya majina tu. Jumanne tulituma faili la mwisho kwa Chama cha Kuogelea Tanzania, pamoja na orodha ya waamuzi na maelezo kwamba muda wote ulipimwa kwa mkono, maana muda wa mkono na wa kibao cha umeme hauwekwi kwenye mizani moja, na msomaji wa matokeo ana haki ya kujua ulipatikanaje.

Vikaratasi tulivifunga kwa namba za mbio na kuvitia kwenye bahasha, kwa kuwa Bi Karani alivitunza hadi msimu uishe. Wiki kadhaa baadaye mama wa yule kijana wa mita 100 alikuja klabuni, akiwa amesikia kwamba mwanawe "alinyimwa" kiwango. Tulimtolea kikaratasi chenyewe. Alizisoma saa zote tatu, akauliza kwa nini ya katikati, nikamweleza. Akauliza ni nani aliyekuwa na ile ya 2.58, na Bi Karani akamwambia kwamba alikuwa mzazi kama yeye, aliyesimama juani tangu asubuhi kwa sababu wazazi wa kujitolea hawakutosha. Mama yule aliinakili 1:02.41 kwenye simu yake, akauliza mashindano yanayofuata yatakuwa lini, na kabla hajaondoka aliandikisha jina lake kuwa mtunza muda.